Fulana ya Tajiri

Kola yenyewe ilikuwa ya plastiki, ngumu, imepanuka kama tarumbeta, na Fundi aliichukia tangu pale kaunta alipokabidhiwa paka wake kichwa kikiwa kimezama ndani yake.

"Asiivue mpaka mshono wa tumbo upone," alisema dada wa mapokezi wa kliniki ya wanyama. "Akiulamba utafumuka, mama."

Fundi akaitikia ndiyo, sawa, nimeelewa, lakini moyoni alishaanza kubishana. Mshono wa kulambwa na paka ukafumuka, huo nao ni mshono? Yeye amewashonea watu nguo za kazini, za shule na za harusi tangu hajaolewa, na hakuna aliyewahi kurudi mlangoni kwake akilalamika kwamba kitu kimefumuka. Alimlaza paka kwenye kapu lake la vitambaa, akashika njia ya nyumbani.

Nyumbani ikawa vituko. Tajiri, ndilo jina alilopewa huyo paka, aligonga kola kwenye miguu ya kiti, akagonga kwenye cherehani, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani akidhani kuna kitu kinamfuata. Sahani ya chakula hakuifikia. Mapajani kwa mzee, mumewe Fundi, hakuweza kupanda, maana kila akiruka ukingo wa kola unamkwaza. Mzee akamtazama weee, kisha akageuzia uso dirishani, na jioni ile chakula chake kikarudi jikoni kama kilivyokwenda. Hapo ndipo Fundi alipopata wasiwasi wa kweli.

Maana katika nyumba ile mambo yalikuwa hivi: Tajiri akila, mzee anakula. Tajiri asipokula, mzee naye hali.

Na msimwone Tajiri hivi hivi, alikuwa paka wa ukoo. Pua imebonyea, manyoya marefu ya rangi ya moshi, mkia kama brashi ya kufagilia kochi. Mama yake na bibi yake walikuwa na vyeti. Binti wa Fundi alifanya kazi ya usafi kwenye nyumba kubwa ambako paka wa namna hiyo hufugwa na kuuzwa kwa watu wenye nafasi, na Tajiri naye angeuzwa, isipokuwa alizaliwa na taya la chini lililopinda upande. Mwenye nyumba alimtazama mara moja tu akasema huyo hauziki. Anayemtaka amchukue bure, ila akifikisha umri lazima atolewe kizazi, kwa gharama ya mwenye nyumba mwenyewe, kwa sababu hataki taya lile lizae mataya mengine. Na akisikia paka hatunzwi, atamchukua.

Siku binti alipomleta, Fundi aliona ametukanwa. Mumewe ndiyo kwanza ametoka hospitali, kiharusi kimemlaza mkono na mguu wa kulia na kumvuta mdomo upande mmoja, na mtoto wa kumzaa mwenyewe anamletea baba yake paka wa mdomo kombo. Alikuwa tayari kumtimua na kapu lake. Lakini mzee alimtazama paka, paka akamtazama mzee, na mzee akacheka. Kicheko kilitoka nusu, upande mmoja tu, ila kilikuwa kicheko.

"Ta... jiri," alisema.

Ndivyo alivyokuwa akiwaita wateja wake. Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Dalali. Kwa miaka mingi alisimama juu ya meza kwenye uwanja wa samani kuukuu akinadi vitanda, makabati na viti vya ofisi zilizofungwa, na kuna watu hawakuwa na haja ya kitanda wala kabati, walikwenda kumsikiliza tu. Mdomo ule ndio uliolisha nyumba. Sasa neno moja lilimtoka kwa jasho, na akikwama yalimponyoka yale ya zamani ya mnadani, "mara ya kwanza, mara ya pili," bila yeye kuyaita, na akiyasikia alijiinamia kwa aibu. Muuguzi aliyekuwa akimfanyisha mazoezi alimwambia Fundi, "Ampe muda anayezungumza naye. Maneno yapo. Tafadhali usimmalizie." Fundi alikubali. Lakini nani ana muda? Mzee akianza "naomba ma," yeye ameshaleta maji. Akianza "fu," dirisha limeshafunguliwa. Mara nyingi alipatia, na pale alipokosea mzee alikaa kimya tu, akanywa maji asiyoyataka.

Ila kula ndiko kulikomshinda. Chakula kilimvuja pembeni ya mdomo, mate yakakifuata, na mtu aliyezoea kutazamwa na umati akiwa na tai shingoni hakutaka hata mkewe amwone hivyo. Aliuma meno. Alikonda mpaka shati likawa linamvaa yeye. Ndipo akaja Tajiri na taya lake, akawekewa sahani juu ya kigoda kando ya kiti cha mzee, akala. Chembe huku, mchuzi kule, mate kifuani, wala habari hana. Akimaliza anajipangusa kwa ulimi mrefu na kumtazama mzee kama anayeuliza, wewe je? Siku hiyo mzee alifungua mdomo.

Kwa hiyo kola haikukaa. Asubuhi ya pili Fundi aliivua akaitupa juu ya kabati.

*

Alichukua futi yake ya kamba akampima Tajiri shingo, kifua na mgongo, kwa heshima zote za mteja. Akatoa kipande cha pamba laini kilichobaki kwenye fulana za watoto, akakata, akaacha matundu manne ya miguu na nafasi nyuma kwa ajili ya haja. Kifulana kilichomfunika tumbo lote, kidonda kikiwa salama ndani. Pembeni hakupitisha cherehani. Alipiga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya uzi mwekundu, ule anaoutumia kwa nguo za kujaribisha ili wakati wa kuutoa auone vizuri.

Nguo ya mteja haikupata kutoka nyumbani kwa Fundi ikiwa na bandi. Bandi ni ya kupimia tu. Ikishakubali mwilini inapigwa mshono wa kweli, na uzi wa bandi unatolewa wote, kipande kwa kipande. Lakini mteja huyu alikuwa anakua kila kukicha, na chini pale pana kidonda, huenda pakavimba, bora pawe na nafasi ya kupanua. "Nitaimalizia akipona," alisema, akakata uzi kwa meno.

Jirani wa mlango wa pili alikuja kuulizia sketi ya mwanawe akamkuta Tajiri anakatiza sebuleni.

"Fundi, yaani paka amependeza kunishinda mimi?"

"Lete kitambaa, nawe nikukate ya mtindo huo."

"Ya kubana hivyo mimi nitapumulia wapi?"

Mzee akacheka upande wake mmoja. Tajiri akaruka, akatua mapajani, akajikunja. Chakula cha mchana kilikwisha sahani zote mbili, na Fundi alirudi kwenye cherehani akiimba. Ilikuwa wiki ya sare. Shule zinakaribia kufunguliwa na nyumba nzima imejaa sketi za bluu, nyingine zinangoja pindo, nyingine marinda. Alijisifu kimoyomoyo. Watu wamesoma vitabu na vitabu kumbe suluhisho ni kipande cha pamba.

*

Shida ilianza mdomoni.

Tajiri aliisogelea sahani kwa hamu, akapitisha ulimi mara moja, kisha akaruka nyuma akitikisa kichwa kama aliyeungua. Akarudi. Akaruka tena. Akakaa kitako akaanza kujikwangua shavu kwa mguu wa mbele, huku anameza na hana kitu cha kumeza. Manyoya ya kifuani yakalowa mate.

"Taya lake hilo," Fundi alisema. Akamsagia chakula kikawa kama uji. Tajiri akakinusa, akaondoka.

Siku hiyo hiyo aliona fulana imeachia ubavuni, pale karibu na kwapa la mbele. Upande wa shingo bandi ilikuwepo, upande wa tumbo ilikuwepo, katikati hakuna. "Nilijua tu unanenepa," alimwambia paka, akatunga uzi mwingine mwekundu, akaiziba nafasi. Wala hakujiuliza ule uzi wa kwanza umekwenda wapi. Yeye, aliyekuwa akiwasuta wanagenzi wake wa zamani kwa kipande cha uzi cha urefu wa kidole kilichoachwa sakafuni, hakujiuliza.

Alipiga simu kliniki akiwa ameibana kwa bega, mikono ikikunja marinda.

"Wakati wa upasuaji huwekewa mpira kooni wa kupitishia hewa, mama," dada wa mapokezi alimweleza. "Ukishatolewa koo huwasha kidogo. Mpe vitu laini."

"Na taya lake limepinda tangu kuzaliwa."

"Basi ndiyo hayo. Kola anayo?"

Fundi alitazama juu ya kabati. "Anayo."

"Vizuri. Akiendelea hivyo mlete daktari amwone."

Alikata simu ametulia. Alitulia kwa sababu alitaka kutulia, na kwa sababu kola ilikuwa imemkaa rohoni: kumpeleka paka kule ni kumpeleka na fulana, na kuulizwa nani alikupa ruhusa.

*

Mzee aliona.

Kutwa alikuwa hana kazi ila kumtazama paka, na alikuwa anamtazama pia ile asubuhi, kabla sahani haijasuswa, Tajiri alipokaa juani akauuma uzi mwekundu ubavuni mwake, akauvuta, akautafuna, ukaingia wote kama anayemeza tambi. Fundi alikuwa sokoni akinunua vifungo. Mzee aliita. Sauti aliyokuwa nayo haikufika hata mlangoni. Alijaribu kuinuka, akarudi kitini.

Fundi aliporudi alimkuta amekasirika, na hakujua kwa nini. Hata baada ya ile simu ya kliniki mzee alikuwa bado anajaribu kumwambia.

"Ta... Ta..." mzee alisema.

"Tajiri hajala, najua. Nimeshapiga simu. Ni ule mpira."

Mzee akatikisa kichwa. Akainua mkono wake mzima, wa kushoto, akaweka vidole viwili pembeni ya mdomo, akavivuta taratibu kwenda mbele, kama mtu anayetoa kitu kirefu. Mate yalikuwa yakimtiririka kidevuni kwa ile juhudi.

"Pole, mzee wangu," Fundi akasema. Akachukua leso iliyokaa siku zote kwenye bega la kiti, akamfuta mdomo, pembe hadi pembe, kwa upole kabisa.

Mzee aliugeuza uso. Akarudia. Vidole mdomoni, kuvuta. Vidole mdomoni, kuvuta. "Mara ya kwanza," alisema, na macho yakamjaa machozi kwa kuwa siyo hayo aliyotaka kuyasema. "Mara ya pili. Mara..."

Fundi akamfuta tena.

Safari hii mzee aliusukuma mkono wake kwa nguvu, ile leso ikaruka mpaka kwenye sketi zilizopigwa pasi. Na Fundi, ambaye tangu alfajiri alikuwa hajakaa isipokuwa kwenye pedali, akavunja ukimya wake wa miezi.

"Nifanye nini tena mimi? Nikikufuta kosa, nisipokufuta kosa. Nishike lipi? Nina sketi za darasa zima hapa, nina paka hali, nina wewe huli. Nigawanyike?"

Mkono wa mzee ukashuka mapajani, ukatulia hapo. Hakuujaribu tena.

*

Binti alikuja siku yake ya mapumziko. Alimkuta Tajiri amejichimbia chini ya cherehani, pua imekauka, anatapika povu la manjano. Sahani ya baba yake ilikuwa mezani haijaguswa.

"Mama, huyu siyo wa kungoja."

"Wamesema ni koo."

"Wamesema lini? Wamemwona?" Binti alipiga magoti akajaribu kumfungua paka mdomo. Tajiri alitoa sauti ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuisikia kwake, na binti akauachia. "Nimwambie bibi wa kazini? Yeye anawajua madaktari."

"Usithubutu. Akisikia atasema turudishe."

"Si afadhali arudi kuliko..."

"Arudi, na baba yako ale na nani?"

Walitazama wote wawili upande wa dirisha. Mzee alikuwa amewapa kisogo, lakini masikio yake yalikuwa mazima, na walijua.

"Kesho asubuhi nampeleka," Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Zikitoka sketi hizi tu. Kesho mapema."

"Baba ameniambia kitu," binti alisema akiwa anavaa viatu. "Au alitaka kuniambia. Amejishika mdomo hivi."

"Mate yanamsumbua. Mwache tu, anaona aibu."

*

Kliniki ilikuwa imejaa. Watu wamekaa na vikapu vya kufungika, vya plastiki safi, na mbwa wenye mikanda ya ngozi. Fundi aliingia na kapu lake la vitambaa limefunikwa khanga, futi ya kamba bado inaning'inia shingoni kwa haraka aliyotoka nayo. Dada wa mapokezi, si yule wa siku ya kwanza, aliinua khanga, akaona manyoya yale na pua ile, akamtazama Fundi.

"Mwenye paka yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Namaanisha mwenye paka mwenyewe. Anahitajika kusaini."

"Dada, nimesema ni mimi. Anaitwa Tajiri. Mlimtoa kizazi hapa."

Bwana mmoja mwenye mbwa aliangalia pembeni, akaficha tabasamu. Siku nyingine Fundi angemjibu jibu la kumtosha. Siku hiyo alimeza, akasaini, akakaa pembeni akiwa ameshika mguu mmoja wa Tajiri ndani ya kapu. Ulikuwa wa baridi.

Daktari alikuwa kijana mwenye mikono ya taratibu. Aliikata fulana kwa mkasi bila kuuliza, na Fundi alisikia ule mkasi mwilini. Kidonda cha tumbo kilikuwa kimefunga vizuri kabisa, safi, hakina hata wekundu. Kisha daktari akambinya paka tumbo kidogo, akakunja uso. Akamfungua mdomo, akasukuma kidole gumba chini ya kidevu ili ulimi unyanyuke, akaisogeza taa.

"Mama, sogea uone."

Chini ya ulimi, pale unapoungana na kinywa, kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu umezama kwenye nyama. Fundi kwanza alidhani ni damu. Halafu akaona umesokotwa.

"Ni uzi," daktari alisema. "Umejizungusha hapa ukakwama, na ncha zake zimekwenda chini kooni. Ndiyo sababu hali."

"Hauvutiki?"

"Usivutwe kabisa. Sijui umefika wapi." Aliuachia ulimi kwa uangalifu. "Unajua, huku juu umeshikwa, na kule chini utumbo unaendelea na kazi yake, unausukuma uzi uende. Uzi hauendi. Sasa utumbo ndio unaopanda juu ya uzi, unajikusanya, unajikunja..." Alitafuta mfano kwa mikono.

"Marinda," Fundi alisema.

"Ndiyo. Kama marinda."

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Wiki nzima alikuwa akifanya jambo hilo hilo kwenye viuno vya sketi za bluu: unafunga uzi ncha moja, unavuta, kitambaa kinakuja chenyewe na kukusanyika. Na ukivuta zaidi ya kiasi, uzi unakikata kitambaa.

"Nyumbani kwenu kuna mtu anayeshona?" daktari aliuliza huku anaandika, na hapo akainua macho akaiona futi shingoni mwake. Uso wake ukaonyesha kwamba angetamani kulirudisha swali.

Walimfungua tumbo upya. Fundi alingoja kwenye benchi huku akiokota nyuzi kwenye sketi aliyoivaa, moja moja, akizikunja kwenye kiganja. Daktari alitoka mapema kuliko alivyosema. Alikaa kando yake kwenye benchi, hakusimama mbele yake, na kwa jambo hilo Fundi alijua.

"Uzi umekata utumbo sehemu nyingi," alisema. "Ningeshona hapa, pale pangeachia. Sikumwamsha, mama. Hakusikia kitu."

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Ningemleta juzi?"

Daktari alijifuta mikono iliyokwisha kukauka. Angeweza kumdanganya, na Fundi alitamani amdanganye. "Siku ya kwanza kwanza, pengine ningeukata pale chini ya ulimi ukapita wenyewe. Na sisi ulipopiga simu tulipaswa kukuambia umlete siku ileile. Siyo kosa lako peke yako."

Lakini Fundi alikuwa hasikilizi hesabu ya kugawana makosa. Aliomba fulana. Wakampa kwenye mfuko wa karatasi, na Tajiri kwenye kapu lake, amefunikwa khanga ileile.

*

Njiani aliupanga uongo wake vizuri, kama anavyopanga vipande kabla ya kukata. Atasema moyo wa paka ulikuwa mdogo. Atasema ile dawa ya usingizi ya mara ya kwanza haikumtoka mwilini, na hawa paka wa ukoo ndivyo walivyo, leo wapo kesho hawapo. Mzee ataumia lakini hatakuwa na mtu wa kumwekea kinyongo. Nyumba itakaa.

Mzee alikuwa kitini, ameelekea mlangoni. Kigoda kilikuwa kando yake, na juu ya kigoda alikuwa ameshaiweka sahani ya Tajiri. Jinsi alivyoifikia jikoni na mguu ule, Fundi hakujua. Alikuwa ameiweka na maji kidogo ndani.

Fundi aliliweka kapu chini.

"Mzee wangu, amekufa."

Akauleta uongo wote, kwa mpangilio, moyo mdogo na dawa ya usingizi na paka wa ukoo, na alipoufikisha mwisho alishangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa imara. Mzee hakulia. Alimtazama usoni, akatazama mfuko wa karatasi mkononi mwake. Kipande cha fulana kilikuwa kimechungulia nje, na uzi mwekundu ukining'inia.

Mzee akafungua mdomo.

"Ni..." alisema.

"Ni mapenzi ya..." Fundi alianza kummalizia, kwa mazoea, na akaona mkono wa mzee umenyanyuka kidogo kutoka mapajani. Haukuelekea mdomoni. Ulisimama hewani, kiganja kimemgeukia, kama zamani alipotaka umati unyamaze kabla hajagonga nyundo.

Fundi akanyamaza.

Ilichukua muda. Nje jirani alikuwa akimwita mwanawe aje ajaribu sketi. Maji yalidondoka jikoni. Kooni mwa mzee maneno yalipanda, yakashuka, yakapanda tena, mishipa ya shingo ikamsimama, na mara moja "mara ya kwanza" ilimfika midomoni akaimeza kwa nguvu. Fundi aliuma ulimi wake mwenyewe asije akasema kitu.

"Nili... nilikuonyesha," mzee alisema.

Akavuta pumzi.

"Uka... ukanifuta."

Fundi alikaa sakafuni pale pale alipokuwa amesimama, kando ya kapu. Kila kitu kilimrudia kwa pamoja, vidole viwili pembeni ya mdomo, kuvuta, kuvuta, na yeye na leso yake na pole zake. Aliona aibu ambayo hakujua mtu aweza kuiona ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Ulikuwa uzi wangu," alisema. "Wa bandi. Nimekudanganya sasa hivi. Hakuna moyo mdogo wala nini, ni uzi wangu mimi, fulana sikuipiga mshono wa kweli."

"Na... jua."

Jioni ilipoingia Fundi aliinuka akapasha supu, akaileta, akaiweka mezani mbele ya mzee. Hakumshikia kijiko. Alikaa kwenye kigoda, mahali pa Tajiri, sahani ameimwaga maji, ameipakata. Mzee hakugusa supu. Mvuke ulipanda, ukapungua, ukaisha. Pembeni mwa mdomo wake mate yalikuwa yakishuka taratibu mpaka kidevuni, na mkono wa Fundi ulikuwa umeshaifikia leso kwenye bega la kiti kabla hajajua unafanya nini.

Akausimamisha.

"Nikufute?" aliuliza.

Mzee alifikiri. Midomo yake ilitafuta, ikakosa, ikatafuta tena, na Fundi alijua neno analolitaka, alilijua tangu herufi ya kwanza, ila hakulisema.

"Ba... bado," mzee alisema.

Fundi akaiweka leso mapajani, juu ya ile sahani, akakaa kumngoja.